Home ya Wanafunzi Yenye Jina la Lumumba

Ukitoka Kapolowe kwenda Lubumbashi kwa barabara kubwa, ikibaki kilomita kama 50 kufika mjini, unapita fasi inayoitwa Shilatembo. Kamyo nyingi hazisimami pale. Lakini ni pale, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, walipouawa Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Sasa tutoke kwetu kidogo, twende mbali. Kule Kampala, mji mkuu wa Uganda, juu ya kilima cha Makerere, kuna nyumba kubwa ya kulala wanafunzi wa chuo kikuu. Sisi tungesema ni home, sawa zile home za Kasapa kule Lubumbashi. Jina lake ni Lumumba Hall. Kwa miaka mingi vijana wa Uganda na wa inchi jirani wamefika mlangoni pale na godoro begani, na tangu siku ile wakajiita watu wa Lumumba. Mtu wa barabara yetu, jina lake limelala kwa wengine. Imekuwaje? Mwezi huu nataka tusimulie habari ya nyumba ile na ya mwenye jina, kwa maana ninaona vijana wetu wanaijua kidogo sana.

Makerere ilianza mwaka 1922. Haikuwa chuo kikuu siku ile. Ilikuwa masomo ya ufundi, wavulana 14 tu, wanajifunza useremala, kujenga na kazi ya mashini. Mukisikia watu wanadharau masomo ya ufundi, muwakumbushe hiyo. Mwaka 1945 wasichana wa kwanza wakapokelewa, nao walikuwa 6. Mwaka 1949 Makerere ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu cha taifa la Uganda. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa raisi wa Tanzania, alisoma pale wakati wa vita vya pili vya dunia.

Wanafunzi walitoka mbali, wakahitaji pa kulala, basi nyumba zikajengwa, na kila moja ikapewa jina. Ukiyasoma yale majina utaona nani alikuwa anatawala wakati ule. Moja iliitwa Livingstone, yule munganga na mmisionari wa Uskoti aliyefia Chitambo, katika inchi ya Zambia ya leo, mwaka 1873. Nyingine ikaitwa Mitchell, kwa jina la Philip Mitchell, gavana wa Uganda tangu 1935 mpaka 1940. Nyingine tena ikaitwa Northcote, kwa jina la mtu aliyekuwa gavana wa Hong Kong kabla ya kusimamia baraza la chuo. Ile ya wasichana ikaitwa Mary Stuart. Musifikiri ni yule malkia wa zamani. Huyu alikuwa bibi ya askofu Cyril Stuart wa kanisa la Anglikana la Uganda, mama aliyetaka wasichana nao wasome mpaka juu.

Jina la Northcote halikudumu. Miaka mingi baada ya uhuru liliondolewa, na fasi yake likawekwa jina la Martin Luther Nsibirwa. Huyu alikuwa waziri mkuu wa ufalme wa Buganda. Mwaka 1945 alikuwa upande wa ile sheria ya kupata udongo kwa kupanua Makerere. Watu wengi walikasirika. Waliogopa kwamba leo udongo unachukuliwa kwa masomo, kesho utachukuliwa kwa mashamba ya Wazungu. Tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi, alipokuja kusali kwenye kanisa kubwa la Namirembe, alipigwa risasi mlangoni, akafa. Habari yake inatosha kwa ukurasa wake peke yake, siku ingine. Nimemtaja tu kwa sababu sisi tunaoishi katika inchi ya migodi tunaujua vizuri ule woga wa udongo, na kwa sababu mujue kwamba Lumumba si mtu wa pekee aliyekufa kwa nguvu na kisha kuandikwa juu ya mlango wa wanafunzi kule Makerere.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962. Kisha uhuru, majina mapya yakaingia kilimani. Nyumba moja ikaitwa Nkrumah, yule wa Ghana. Nyingine ikaitwa Lumumba. Hebu fikiri: chuo kilichoanzishwa na Waingereza, masomo yote kwa Kiingereza, kikachukua jina la mtu wa inchi ya Wabeleji, aliyehutubia kwa Kifaransa, asiyesoma pale hata siku moja, na ambaye hakumaliza hata miezi mitatu katika kiti cha waziri mkuu. Aliapishwa mwezi wa Juni 1960, na tarehe 5 Septemba raisi Kasa-Vubu akamtangaza kwamba ameondolewa. Lakini vijana wa Afrika wa miaka ile hawakuhesabu miezi. Waliona tu kwamba mmoja wao alisimama mbele ya mfalme wa Ubeleji, akasema wazi namna watu weusi walivyotendewa, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa amekufa.

Maisha ya nyumba ile yamejaa michezo ya vijana, na si yote ningeyasifu mbele ya wazazi. Lumumba na Mary Stuart ni nyumba ndugu, ya wavulana na ya wasichana. Ile ya wasichana iko na jina la utani, Box, na zote mbili pamoja zinaitwa Lumbox. Wavulana wa Lumumba wako na sanamu lao la chuma, wanaliita Gongom. Wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, ao wakati wa mgomo, Gongom alitolewa nje, akazungushwa kwa nyimbo na kelele, na wakubwa wa chuo wakakosa usingizi. Ninajiuliza ni wangapi kati ya wale waliopiga kelele za jina la Lumumba walijua Shilatembo iko upande gani wa dunia. Lakini tusiwacheke. Ukiuliza watoto wetu hapa hapa, watakujibu: "Tarehe 17 Januari? Njo siku hakuna masomo." Basi, habari imekwisha.

Mwenye jina alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Wazazi wake walikuwa watu wa kijiji. Alianza masomo kwa Wakatoliki, kisha akapita kwa Wametodisti wa Wembo-Nyama. Ndiyo, kwa Waprotestanti, sawa wengi wenu mulivyopita Mulungwishi. Hakumaliza. Alipokuwa kijana aliondoka kutafuta kazi upande wa Maniema, akaandikwa kuwa karani kwa Symétain, kampani ya mgodi iliyochimba bati. Watoto wa wachimbaji wanaosoma gazeti hili, muandike neno hilo: mwenye jina la home ya Makerere alikula mshahara wake wa kwanza katika mgodi. Kisha akaenda Stanleyville, ni kusema Kisangani ya leo, akaingia kazi ya posta. Posta ikamtuma Léopoldville kwa mafunzo ya miezi michache. Diploma kubwa aliyoipata ndiyo hiyo.

Ajabu ya habari yote, mimi ninaiona hapo. Mtu ambaye hakulala hata usiku mmoja katika home ya chuo kikuu ndiye jina lake limepewa home ya chuo kikuu. Si kwamba akili ilimpungukia. Alisoma kila kitabu alichokipata, aliandika katika magazeti, aliongoza vyama. Lakini katika Kongo ya Wabeleji mlango wa masomo makubwa ulifungwa kwa watu weusi, isipokuwa walioingia seminari ya mapadri. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville, baba ya ile tunayoita leo Unilu, kilifunguliwa mwaka 1956. Wakati ule Lumumba alikuwa amepita miaka 30, baba wa watoto, mtu wa kazi. Siku ya uhuru, katika inchi nzima, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Hesabu hiyo ingetosha darasa moja tu la sekondari yetu, na viti vingebaki.

Mwaka 1956 alifungwa kwa sababu ya franka za posta. Mwenyewe alikubali kwamba alizitwaa. Franka zililipwa, hukumu ikapunguzwa, akatoka mwaka 1957. Ninaandika hiyo kwa sababu kuna watu wanaogeuza wafu kuwa malaika, na kijana akigundua ukweli baadaye anatupa yote, mazuri na mabaya pamoja. Alipotoka alikwenda Léopoldville, akafanya kazi ya kuuzisha bia ya kiwanda kimoja kule. Mwezi wa Oktoba 1958 akaanzisha na wenzake chama cha MNC.

Hapa ninaomba watu wa Likasi wasome polepole. Mwisho wa mwaka 1959 kulikuwa fujo Stanleyville, watu wakafa, na Wabeleji wakamkamata Lumumba. Tarehe 21 Januari 1960 akahukumiwa miezi 6. Wakamtia ndani ya ndege, wakamleta kwetu, katika gereza la Jadotville. Jadotville ni Likasi. Kuna picha za safari ile: mikono imefungwa, miguu bila viatu, askari pembeni. Wakati ule ule, kule Bruseli, wakubwa wa vyama vya Kongo walikuwa wamekaa na Wabeleji katika ule mkutano wa Meza ya Mviringo, na wajumbe wa Kongo wakasema: bila Lumumba, hapana. Tarehe 25 Januari akatolewa gerezani. Kesho yake alishuka ndege Bruseli, vifundo vya mikono bado vimefungwa bandeji kwa sababu ya pingu, na tarehe 27 ilikubaliwa kwamba Kongo itapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Ndiyo kusema siku chache tu zilitenga chumba cha gereza la Likasi na meza ya Bruseli. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa Jadotville miaka ile, muulizeni angali hai. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, leo amepita 75. Muandike anachosema katika kaye ya masomo, na tarehe juu yake.

Ninajua kwamba katika Katanga jina hili halileti moyo mmoja. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Katika familia nyingi za kwetu wazee walikuwa upande wa Tshombe; katika zingine, hasa za kaskazini, walikimbia askari wa Tshombe. Na kuna familia kati yetu zenye asili ya Kasai. Wao wanakumbuka kwamba mwisho wa Agosti 1960 askari waliotumwa na serkali ya Lumumba waliingia Bakwanga, ni kusema Mbuji-Mayi ya leo, na raia wengi wakauawa. Mama aliyepoteza wake kule Bakwanga, usimwambie afurahi akisikia jina la Lumumba limeandikwa juu ya nyumba. Ana haki ya kunyamaza. Mimi mwenyewe ninafikiri kwamba kutuma askari wenye njaa, bila mishahara na bila chakula, katikati ya watu, ilikuwa kosa kubwa la serkali ile, na wanaomsifu Lumumba wasiliruke.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mobutu alichukua nguvu. Lumumba alijaribu kutoroka Léopoldville kwenda Stanleyville kwa watu wake, akakamatwa tarehe 1 Desemba kule Sankuru, akafungwa katika kambi ya askari ya Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 wakamtia ndani ya ndege pamoja na Mpolo, aliyekuwa waziri, na Okito, mkubwa katika seneti. Walipigwa njia yote. Ndege ikatua Luano, uwanja ule ule tunaoujua. Wakapelekwa katika nyumba moja ya mzungu karibu na mji, wakapigwa tena, na usiku wakaletwa porini. Tume ya bunge la Ubeleji iliyochunguza mambo haya iliandika mwaka 2001 kwamba Tshombe na mawaziri wake kadhaa walikuwepo, na maofisa Wabeleji walikuwepo. Walipigwa risasi mmoja kisha mwingine.

Sisi watu wa kanisa tusimame kidogo hapa. Lumumba alisoma kwa Wametodisti. Tshombe naye alisoma kwa Wametodisti, alikuwa mtu wa kanisa, mtoto wa familia iliyojulikana. Wote wawili walijifunza kusoma kwa kitabu kimoja, wakaimba nyimbo zile zile, na usiku ule mmoja alikuwa mbele ya bunduki na mwingine alikuwa nyuma yake. Sina mengi ya kuongeza. Ningependa tu walimu wa masomo yetu ya Waprotestanti wasiwe wanahesabu wakubwa waliotoka kwetu bila kuhesabu na hiyo.

Wauaji waliogopa kaburi. Waliogopa kwamba watu watakuja kulilia pale. Basi miili ikafukuliwa, ikahamishwa, ikakatwa vipande, na kuyeyushwa ndani ya asidi ya salfa. Wafanyakazi wa Shituru hawahitaji kuelezwa asidi ile ni kitu gani. Wanaitumia kwa kutoa shaba ndani ya mawe, na wanajua inavyofanya kwa nguo na kwa mkono. Aliyeongoza kazi ile alikuwa mpolisi Mbeleji, Gérard Soete. Tarehe 13 Februari serkali ya Katanga ikatangaza kwa redio kwamba Lumumba alitoroka na wanakijiji wakamuua. Wachache waliamini.

Basi mwili haukuwa na fasi hata moja katika inchi yake, na jina likatafuta fasi kwingine. Mwezi huo huo wa Februari 1961 Warusi waliliweka kwa chuo kikuu chao cha Moscow kilichopokea wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kampala ikalipa barabara moja, na Makerere ikalipa home. Ninafikiri waliochagua jina la home walikuwa na akili. Barabara inapitwa tu. Home inalaliwa. Kijana anaandika jina lile juu ya barua kwa mama yake, juu ya sanduku, juu ya karatasi ya kuombea kazi: niliishi Lumumba. Hata kama hakuuliza habari mwaka wa kwanza, katika miaka mitatu ao mine siku moja ataamuka na kuuliza, huyu Lumumba alikuwa nani, na kwa nini sisi tulipewa jina lake?

Kwetu jina lilirudi pole pole. Mwaka 2002 serkali ya Ubeleji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo kile. Soete alikuwa amejitwalia jino la Lumumba na kulitunza kwake. Mwaka 2016 mahakama ya Ubeleji ikalikamata nyumbani kwa binti yake, na tarehe 20 Juni 2022 jino lile, ndani ya sanduku la mfu, likakabidhiwa watoto wa marehemu. Bibi yake, mama Pauline Opango, hakuliona. Alikufa mwezi wa Desemba 2014. Sanduku lilizungushwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, kisha likawekwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Mwezi wa Novemba 2024 watu walivunja mlango wa kaburi lile. Serkali ilisema jino halikuibiwa.

Majina ya nyumba nayo hayakai salama kila mara. Kule Moscow jina la Lumumba liliondolewa mwaka 1992, upepo wa siasa ulipogeuka, na likarudishwa mwaka 2023, upepo ulipogeuka tena. Kule Uganda serkali ziliangushwa mwaka 1979, tena 1985, tena 1986, askari wakapita na bunduki katika mji wa Kampala, na home ile ikaendelea kuitwa Lumumba. Mwanafunzi aliyefika hakuulizwa kabila lake lilikuwa upande wa nani katika mambo ya Kongo. Alionyesha karatasi yake, akapewa namba ya chumba na ufunguo.